Marhamu ya Nardo na Amplifaya ya Uswisi



Somo letu mwezi huu ni Marko 14:3-9. Mwanamke anavunja kibweta na kummiminia Yesu kichwani marhamu ya nardo yenye thamani ya zaidi ya dinari 300, yaani karibu mshahara wa kibarua wa mwaka mzima. Waliokuwapo wakanung'unika kwamba mali imepotezwa bure. Bwana hakumkemea yule mwanamke, aliwakemea wanung'unikaji. Tumelichagua somo hili kwa kuwa sisi wa halmashauri tulinung'unika mwezi uliopita, na wengine wetu hatujalala vizuri tangu siku ile.

Habari yenyewe mnaijua. Umeme uliporudi kwa nguvu wakati wa masika, amplifaya ya kanisa iliungua. Kijana wetu mmoja aliyeko Ulaya akaandika kwamba atachangia nusu ya bei ya amplifaya ya Kiswisi iliyokwisha kutumika, nasi tumalizie nusu nyingine, ili Bwana apewe kilicho bora. Bei yake ni dola 20,000.

Waswisi ni mafundi kweli, hilo hatubishi. Kampuni ya Nagra, iliyoanzishwa na Stefan Kudelski mwaka 1951, ilitengeneza rekoda za kubeba begani zilizotumiwa na watu wa redio na wa filamu katika nchi nyingi. Leo Nagra na Goldmund huuza amplifaya kwa makumi ya maelfu ya dola. Chuma chake ni kizito, kazi yake ni safi, nayo hudumu. Mtu mwenye fedha zake halali akiinunua asikilize muziki nyumbani kwake, hatuoni dhambi hapo.

Lakini je, sikio hulisikia hilo lililolipiwa? Kazi ya amplifaya ni kuchukua sauti ndogo na kuifanya kubwa bila kuiongezea kitu chake yenyewe. (Sisi wahubiri tungefaa kujifunza kwake.) Mashine za bei ya kawaida zilikwisha kuiweza kazi hiyo zamani. Mwaka 1987 jarida la Marekani liitwalo Stereo Review liliwaketisha wasikilizaji wasijue ni mashine ipi inayolia. Moja ilikuwa ya dola 220 tu, nyingine ilifika kama dola 12,000. Hawakuweza kuzitofautisha kuliko mtu anayebahatisha.

Tena tuangalie nyumba yetu wenyewe. Juu bati, chini saruji, ukutani hakuna kitu. Neno likitoka kwenye spika hugonga ukuta wa nyuma, hurudi, na kulikuta neno la pili njiani. Ndiyo maana mama zetu wanaokaa viti vya nyuma husikia mlio wa kasisi wasisikie anachosema. Kuongeza nguvu hakusaidii; ili sauti isikike kama imezidi mara mbili, huhitaji nguvu mara kumi hivi, na mwangwi nao hukua pamoja nayo. Dawa ni dari, mapazia mazito, na spika ndogo zilizowekwa karibu na watu. Na mvua ya Kilimanjaro ikipiga bati, hata Waswisi wote wakikusanyika hawataishinda bila dari.

Nusu yetu ni dola 10,000. Hata kama mkulima angepata dola 4 kwa kilo ya kahawa, hiyo ni kilo 2,500, na mibuni mingi ya vihamba vyetu haitoi hata kilo moja safi kwa mwaka. Hesabuni wenyewe ni vihamba vingapi.

Wamisionari wa CMS walifika hapa Moshi kwa Mandara mwaka 1885, wakahubiri kwa koo zao hadi walipoondoka mwaka 1892. Naye Bwana katika Marko 4 aliingia chomboni, watu wakasimama pwani, akasema nao kutoka majini. Alitafuta mahali pa kusikika kwanza.

Turudi kwa yule mwanamke. Marhamu yalikuwa yake, akavunja kibweta chake. Kama kijana wetu angetoa yote peke yake, tungeona haya kumzuia. Sisi tungekivunja kibweta cha wajane ambao hawakuulizwa. Hapo ndipo tulipoona kwamba manung'uniko yetu hayakuwa yale ya Bethania, ingawa tunakiri kwamba baadhi yetu tulinung'unika kwa wivu tu.

Tumemwandikia kijana, kwa shukrani, kumwomba zawadi yake iende kwenye dari, na amplifaya ya kawaida pamoja na kifaa cha kuikinga na umeme. Hajajibu bado, na ana haki ya kukataa. Jumapili ya pili baada ya ibada tutakutana tena. Tunawaomba hasa mnaokaa nyuma mje, mseme mnasikia nini.