Ng'ombe Ana Kosa Gani?

Mwaka 1993 vita vilianza Ntoto, katika Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Makundi ya ng'ombe yakaibwa na kuchinjwa, si kwa njaa tu, bali kwa kumchukia mwenye ng'ombe. Wengi waliotenda hivyo hawakuitwa barazani kamwe.

Wengine watuambia: ni mambo ya vita, watu nao walikufa. Ni kweli, na mtu apita mnyama. Lakini sheria ya adhabu ya 1940 humshika auaye kwa uovu mnyama wa mwenzake. Tena huhesabu mali, haihesabu maumivu. Sisi twahesabu yote mawili. Basi mwenye kudai haki aendelee kudai, mashahidi waandikwe, wala asiguse zizi la jirani: ng'ombe wa huyo naye hakupigana.