Haki ya Mwili na Wingi wa Shughuli

Katika darsa zetu za baada ya Isha suala moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali, nalo ni hili: mtu akiitwa katika jambo la kheri, naye nguvu zimemwishia, akasema, "Niwieni radhi, siwezi," je, amefanya dhambi? Wengi wa wanaouliza si wavivu. Mvivu haulizi suala hili. Yeye amekwisha kujijibu zamani.

Na tumtazame mtu wa mji wetu. Alfajiri yu msikitini, asubuhi yu dukani. Adhuhuri ana mazishi, alasiri ana kikao cha madrasa, na baada ya Isha ana kikao cha arusi ya jamaa kisichokwisha ila saa tano za usiku. Na hata akifika nyumbani hakufika, kwani simu iliyo mfukoni imemletea michango mitano, na kila mmoja wataka jawabu usiku uo huo. Watoto wamelala. Chakula alichofunikiwa kimepoa. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Huyu ameshika kumi, nasi twamsifu kuwa ni mtu wa watu!

Amma sisi twaona sifa hiyo yahitaji kupimwa. Nguvu za mtu na saa zake ni amana. Mwenye kuwekewa mali ya watu, kisha akaigawa sadaka, haitwi karimu hata kama wapokeaji ni mayatima. Basi mtu atoaye usingizi wa mwili wake, na mazungumzo ya mkewe, na malezi ya wanawe, akayagawa kwa kila amwitaye, ametoa kisichokuwa chake.

Mtume (S.A.W.) aliwaunga udugu Salman Al-Farisi na Abu Dardaa. Salman akenda kumzuru nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo duni, hakujipamba. Akamuuliza kulikoni, akajibiwa kuwa nduguyo hana haja na dunia. Tazama, ewe msomaji, alama ya kwanza ilionekana wapi: si kwa mume aliyekuwa akifunga na kusimama usiku, bali kwa mke. Salman hakuanza kwa mawaidha. Alikataa kula mpaka mwenyeji wake aliyefunga ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa alipoinuka kusali, akamwambia alale. Akainuka tena, akamrudisha tena. Hata mwisho wa usiku ndipo wakasimama wote wawili. Baada ya hayo ndipo alipomkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Khabari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) alimsadiki Salman. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari.

Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka, vikao vyetu ni kitu gani?

Huenda mtu akasema: nikiacha mimi, nani atafanya? Jawabu ni kuwa mengi ya mambo haya ni faradhi za kifaya. Mzigo wake ni wa mji mzima. Mtu mmoja akiubeba siku zote, wengine hawajifunzi. Wako vijana wa miaka 25 wasiojua kuosha maiti kwa kuwa mzee fulani hakosekani. Siku mzee huyo akilala kitandani, atamwosha nani?

Na liko jambo jengine, zito kulitaja. Nafsi hupenda kuitwa. Imamu Ghazali alipewa kiti cha ualimu katika Nidhamiya ya Baghdad mwaka 1091, akasomesha mamia ya wanafunzi. Alipoichungua nia yake akaona yasukumwa na kutaka cheo na sifa. Mwaka 1095 ulimi ukamfunga, hakuweza kusomesha, na chakula hakikupita. Matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akaiacha Baghdad, akenda Sham, na hakurudi kusomesha madrasani ila baada ya miaka kumi na zaidi. Elimu ya Kiislamu haikufa kwa kutokuwako kwake, na yeye mwenyewe alirudi na Ihyaa.

Basi jawabu la suala letu ni hili: faradhi ya aini haiachwi kwa kisingizio cha uchovu, wala haki ya wazazi. Ama yaliyobaki, yafaa mtu kukataa, na akatae mapema na kwa maneno ya wazi. Dasturi yetu ya kusema "Inshallah" hali twakusudia kutokwenda ni kulichezea jina la Mwenyezi Mungu, na yamwacha mwenye shughuli akitungoja bure.

Na anayejiona ana nguvu leo amkumbuke Abdallah bin Amr, ambaye ujanani alifunga kila siku na kukhitimisha Qur'ani kila usiku. Mtume (S.A.W.) alimtaka apunguze, naye akawa akiomba aongezewe, hata akaishia kufunga siku moja na kula siku moja. Alipokuwa mzee na mwili umedhoofu, hakupenda kuiacha ahadi aliyoagana nayo na Mtume. Akawa akila siku kadhaa mfululizo apate nguvu, akizihesabu ili azilipe, na huku akisema laiti angaliipokea ile rukhsa.