Kicheko na Asili Yake

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Kwa msemo huo wako watu wanaohukumu kila kazi ya sanaa iliyofanywa upya. Wakiona filamu imeuacha mchezo wa zamani, husema imeharibika. Lakini katika kichekesho yatupasa kuuliza kwanza nani anachekwa, na kwa haki gani.

Shakespeare alitunga The Merchant of Venice mwishoni mwa karne ya 16, na mkusanyo wa mwaka 1623 uliuweka mchezo huo miongoni mwa vichekesho. Shylock, Myahudi mkopeshaji kwa riba, anadai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara Mkristo aliyeshindwa kulipa deni. Mahakamani anashindwa, tena analazimishwa kuiacha dini yake. Kisha wapenzi wanataniana juu ya pete, na mchezo unakwisha kwa furaha.

Mwaka 1943 mchezo huo ulioneshwa Vienna, chini ya utawala wa Hitler, ili Wayahudi wachekwe wakati ambapo walikuwa wakiuawa. Filamu ya mwaka 2004 ya Michael Radford, ambamo Al Pacino ni Shylock, ilikwenda njia nyingine. Mwanzoni kabisa twamwona Antonio akimtemea mate Shylock, jambo ambalo katika tamthilia twalisikia kwa maneno tu. Kicheko kimepungua, lakini uchungu ulioonekana ulikuwamo katika asili yenyewe.

Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere aliufasiri mchezo huo mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akauita Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja. La Kiswahili lataja wengi, na kuwaita mabepari. Hivyo jicho letu halimwangalii Shylock peke yake. Twakumbuka kwamba yeye mwenyewe aliwaambia wakubwa wa Venisi kuwa nao wananunua watumwa na kuwatumikisha kama punda.

Hata hivyo, jina jipya halikufuta hukumu ya zamani: Shylock bado anavuliwa dini yake. Kazi iliyosalia ni ya mwalimu. Mwanafunzi wa Wazo, ambaye pengine ameona vyombo vya jirani vikichukuliwa kwa sababu ya deni, atafurahi upesi mkopeshaji anaposhindwa, wala furaha hiyo si dhambi. Basi darasa na liigize mahakama ile mara mbili: kwanza watazamaji wacheke wapendavyo, mara ya pili wanyamaze tangu Shylock anapoamriwa kubadili dini hadi anapotoka. Kisha kila mmoja aeleze alichokicheka mara ya kwanza, kama kilikuwa dhuluma iliyokomeshwa au mtu aliyedhalilishwa kwa dini yake.