Fimbo ya Nyumbani, Ngumi ya Shuleni

Mzazi wa Muhoroni anayemchapa mwanawe hakosi andiko la kuegemea: Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, mstari unaojulikana hata katika nyumba ambamo Biblia haifunguliwi. Anampenda mtoto. Upendo huo si wa kudharauliwa, hasa katika mji huo wa miwa ambao kiwanda chake kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001, na ambako wengi hurudi jioni kutoka shambani wakiwa wamechoka hoi.

Lakini haki hufundishwa kwa maumivu?

Mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha jaribio ambalo watoto wa chekechea walimtazama mtu mzima akimtwanga mwanasesere. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi waliiga mapigo, hata maneno. Mvulana anayempokonya mdogo wake mkate shuleni huenda naye ameona nyumbani kwamba mkubwa akikasirika mdogo huumia, na kesi huishia hapo. Nyumba kama hiyo hulea pia wanaoonewa. Mwaka 2013, Dieter Wolke wa Chuo Kikuu cha Warwick na wenzake walichambua tafiti 70 za watoto zaidi ya 200,000, wakakuta malezi ya ukali yakiambatana na kuonewa, na zaidi kwa wale wanaoonewa kisha wakawaonea wengine.

Watetezi wa fimbo wana hoja moja nzito: mtoto asiyewekewa mipaka huharibika. Ni kweli. Ila mipaka na kipigo ni vitu viwili, na dini zenyewe zinalijua hilo. Waefeso 6:4 inawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, ingawa mstari huo hautajwi sana kwenye vikao vya wazazi. Waislamu nao wamepokea kwa Bi Aisha kwamba Mtume Muhammad hakumpiga mke wala mtumishi kwa mkono wake. Sheria nayo iko upande huo: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili.

Mtoto anayetii kwa hofu hujifunza kuchungulia kama mkubwa yupo. Hajaambiwa kwa nini mkate ule si wake. Mzazi aliyeitwa shuleni akimzaba mwanawe kofi mbele ya mwalimu mkuu, aliyepokonywa bado ana njaa na hajaulizwa lolote. Huyo ndiye wa kusikilizwa kwanza, mkosaji akiwa amesimama palepale. Kisha mkosaji alipe mkate na aombe radhi kwa kinywa chake.