Je, Ni Uongo Kuutetea Upande Uliopewa kwa Kura?

Katika usharika wetu wa Itigi niliulizwa swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile niliyoulizwa, na hata sasa jibu langu lina upungufu. Walakini naliandika hapa, kwa kuwa vijana wengi wa sharika zetu huenda kwenye mashindano ya kunena ya shule za sekondari, na yafaa wazazi wao wajue ni kazi gani watoto hufanya huko.

Habari yenyewe ni hii. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mwimbaji wa kwaya yetu ya vijana, aliteuliwa pamoja na wenzake wawili kwenda Dodoma kushindana katika mdahalo na shule za mikoa mingine. Hoja iliyowekwa ilikuwa kwamba biashara ya mkaa ipigwe marufuku katika nchi yote. Kura ikapigwa, na shule yao ikaangukiwa na upande wa kuunga mkono. Sasa ijulikane ya kuwa baba yake binti huyo ni mchoma mkaa. Matanuri yake yamo katika kichaka cha Itigi, na magunia yake husimama kando ya barabara kama ya wengine wengi.

Kwa ajili ya wale wasiopata kuyaona mashindano hayo, nieleze kidogo desturi yake. Msemaji husimama, humsalimu mheshimiwa mwenyekiti, na waamuzi, na mtunza muda, ndipo huanza. Dakika zake zikiisha kengele hulia, naye hana budi kuketi, hata kama neno lake zuri kuliko yote limebaki kinywani. Kisha husimama mtu wa upande wa pili na kuyavunja aliyoyasema. Waamuzi hawaulizi nani anaamini nini; hutazama mpango wa maneno, na ushahidi, na jinsi msemaji alivyowajibu wapinzani wake. Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Julius Nyerere, alipokuwa mwanafunzi wa Tabora tangu mwaka 1937, yaani huko mbele yetu kwenye reli hii hii, alipenda midahalo, na alipofika Makerere aliendelea nayo. Na nani kati yetu aliyepita shuleni bila kubishana kama elimu ni bora kuliko mali? Mara nyingi watoto hunena kwa Kiingereza, na mtoto akipungukiwa na neno huona aibu mara mbili. Hilo nalo lingestahili makala yake.

Binti alifanya kazi kwa bidii. Alisoma kwamba kichaka chetu, chenye miti ya urefu wa mita 3 hadi 5, iliyosongamana hata mtu hapiti ila kwa panga, ni cha namna ya peke yake. Ndugu yake hupatikana mbali kusini, kaskazini mwa Zambia karibu na ziwa Mweru Wantipa. Alisoma mkakati wa serikali wa mwaka 2024 utakao asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Akasema kwamba mchoma mkaa hula urithi wa wajukuu wake, tena kwa bei ya chini. Shule yao haikuchukua kombe, lakini yeye alirudi na cheti cha usemaji bora.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilifurahi mno. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, nilimwita mbele ya usharika, nikamwomba aseme hotuba yake kwa Kiswahili ili wote wasikie. Akasema vizuri kuliko Dodoma, kwa maana sasa alinena kwa lugha aliyokuwa nayo tangu utoto. Watu wakapiga makofi. Baba yake alikuwa ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango.

Jioni alikuja nyumbani kwangu. Hakuwa na hasira. Alikataa chai, akasema, “Baba Mchungaji, nakuuliza neno moja tu. Yale ndiyo mwanangu ayaonayo juu yangu, au ndiyo aliyopewa ayaseme?” Nikamweleza habari ya kura. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mbona kanisani hamkutuambia kuwa kuna kura?”

Nilipolipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa, mmoja wao alisema upesi kwamba dawa ni kuwakataza vijana wetu kusema wasiyoyaamini, kwa kuwa ndiyo yetu iwe ndiyo. Neno lake lina uzito. Lakini nilimkumbusha yaliyotokea Marekani, ambako mashindano ya taifa ya shule za sekondari yalianza mwaka 1931 katika mji mdogo wa Ripon, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1954 wanafunzi wa vyuo vya nchi ile walipewa hoja ya kuijadili, nayo ni kwamba Marekani iitambue serikali ya kikomunisti ya China. Kila kikundi kilitazamiwa kuutetea upande huu leo na ule kesho. Chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point na kile cha wanamaji cha Annapolis vikawakataza wanafunzi wao kushiriki. Waalimu wakabishana kwa miaka kadhaa kama ni haki kumfundisha kijana kutetea pande zote mbili. Hata tarehe 1 Januari 1979 serikali yenyewe ya Marekani iliitambua China. Upande ule uliogopwa hata kutajwa katika mchezo wa wanafunzi ukawa siasa ya nchi. Basi nikamwuliza mzee, je, ni faida gani ingalipatikana kwa vijana wale kuufikiri upande mmoja tu kwa miaka ile 25?

Mzee akajibu, na jibu lake lilinishinda kwa muda. Alisema, “Wewe wasema si uongo kwa kuwa wote ukumbini wajua ni kura. Je, watu wote wakijua kuwa unadanganya, uongo huacha kuwa uongo?” Nikamkumbuka Agustino, ambaye kabla ya kuwa askofu alikuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Milano. Yeye atubu katika maungamo yake kwamba alijitayarisha kumsifu Kaisari kwa uongo mwingi, na ya kwamba wale ambao wangemshangilia walijua wazi kuwa ni uongo. Kujua kwao hakukumtakasa. Mwaka 386 aliiacha kazi ile.

Nimelifikiri jambo hili juma zima, nami naona tofauti iko hapa. Mbele ya Kaisari hakuna aliyesimama baada ya Agustino kumjibu. Sifa zile zilikuwa na upande mmoja, na aliyesifiwa alikuwa na upanga. Dodoma mambo mawili yalikuwapo pamoja: kila mtu alijua ya kura, na mtu wa pili alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake akingoja zamu. Binti aliposema kwamba mchoma mkaa hula urithi wa wajukuu, kijana wa shule nyingine alisimama dakika ile ile akauliza wajukuu hao watasomeshwa kwa nini. Hapo hakuna aliyedanganywa. Mimi kanisani niliyaondoa yote mawili. Sikutangaza kura, wala sikuweka mpinzani. Tena nilimsimamisha mahali ambapo watu wamezoea kusikia neno lisilojibiwa.

Lakini sikumaliza, maana nilimwita na binti mwenyewe. Nikamwuliza lile swali la baba yake. Alikaa akivuta-vuta uzi wa kitenge chake, kisha akasema, “Mchungaji, mwanzo nilisema kwa ajili ya kura. Sasa sijui. Mengine nayaamini.” Na hili sikulitazamia. Nilidhani mtoto huvaa upande kama sare na kuuvua jioni. Kumbe aliyeutafutia upande ushahidi kwa mwezi mzima hatoki kama alivyoingia. Wala siwezi kumwambia kwamba amekosea kuhusu kichaka, kwa kuwa nimekipita kwa baiskeli miaka mingi nami naona mahali kilipokoma.

Nilikwenda kwa baba yake kuomba radhi, naye akanipokea. Nikamwuliza kama angependa kusimama mbele ya usharika na kujibu, siku tutakayoiweka, wote wakiambiwa tangu mwanzo kwamba ni mdahalo. Alicheka. Akasema hajui Kiingereza. Nikasema ni kwa Kiswahili. Akauliza atapewa dakika ngapi. Nikasema, kama Dodoma, saba.

“Saba ni chache,” akasema. “Ada serikali iliifuta tangu 2016, nami nashukuru. Lakini sare, na daftari, na hosteli, na nauli ya basi la kwenda Dodoma siku ile, hayo yote nikiyahesabu kwa gunia moja moja, kengele italia sijafika nusu.”

Tumeweka Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Binti ameomba yeye ndiye awe mtunza muda.