Isale la Mlimani, Isale la Sebuleni

Pembeni mwa dirisha la ofisi, au karibu na meza ya mapokezi ya hoteli, mara nyingi husimama mmea wenye shina kama fimbo na majani marefu yanayoinama mithili ya majani ya mahindi, yenye mstari wa njano katikati. Wapita njia huuita "ua", basi. Mchaga akiutazama vizuri huona kitu alichokulia nacho nyumbani kwao: isale.

Jina lake la kitaalamu ni Dracaena fragrans. Mwanabotania Linnaeus aliuandika mwaka 1762 kwa jina jingine, na hili la sasa likaja mwaka 1808. Ni mmea wa Afrika ya joto, kuanzia Sudani hadi Msumbiji. Porini hufika hata mita 15; ndani ya chungu hutosheka na mita mbili. Huvumilia mwanga hafifu. Maji yakizidi, mizizi huoza, na floridi ya maji ya bomba huchoma ncha za majani zikawa za kahawia.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, masale hupandwa kama ua wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na alama ya mpaka, na huonekana pia penye makaburi ya wazee. Lakini kazi yake nzito kuliko zote ni ya msamaha. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na kwa mila, aliyepelekewa halikatai. Kulikataa ni kujitafutia mkosi.

Sasa, jani lililokatwa kwenye chungu cha sebuleni Dar es Salaam, mmea wenyewe ukiwa umenunuliwa kando ya barabara, likipelekwa kwa ndugu aliyekosewa, je, ni isale? Utakatifu wake uko ndani ya jani, ndani ya udongo wa kihamba, au ndani ya watu?

Yupo atakayesema kwamba nje ya kihamba jani halina nguvu, kwa kuwa limetengwa na mababu. Mwingine atajibu kuwa ni alama tu, na hata kipande cha karatasi kingetosha. Wote wawili wanakosea.

Wachaga wengi ni Walutheri na Wakatoliki, na jibu wanaliona kanisani. Maji ya ubatizo hutoka bomba lile lile linalojaza ndoo za jikoni. Matawi ya Jumapili ya Matawi hukaushwa, huchomwa, yakawa majivu ya Jumatano ya Majivu, na hakuna muumini anayeuliza yalikatwa shamba la nani. Hata hivyo, maji hayakuchaguliwa ovyo: maji husafisha. Isale nalo halikuchaguliwa ovyo. Kata shina lake, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, litachipua. Anayeomba udugu uliokatwa uchipue tena amebeba mkononi mmea unaojua kufanya hivyo hasa. Karatasi haijui.

Mjini mmea huu ulipewa kazi nyingine. Mwaka 1989 watafiti wa NASA waliujaribu, pamoja na mingine, katika masanduku yaliyofungwa, na sifa ikaenea kwamba husafisha hewa ya chumba. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yakaonyesha kuwa nyumba ya kawaida ingehitaji mimea mingi kupita kiasi ili hewa ibadilike. Imani hiyo ya mjini ilitaka mmea umtumikie mtu huku yeye ameketi. Isale la mlimani humwinua mtu kitini, likamtuma hadi mlango wa yule aliyekosewa.

Kwa hiyo ndiyo, jani la chungu ni isale, mradi anayelipeleka amekubali kosa lake na anayelipokea anajua ameletewa nini. Hilo la pili ndilo linalopungua. Mlimani hata jirani anayepishana nawe njiani hulielewa jani lililo mkononi mwako. Ghorofani, kijana aliyezaliwa mjini anaweza kulipokea, akashukuru, akaliweka kwenye glasi ya maji, na kosa likabaki palepale.

Mzazi wa Kichaga mwenye mmea huu sebuleni, mwanao anajua kuumwagilia. Mwambie na jina lake.