Maji na choo vya msafiri
Karavani, nyumba ndogo inayokokotwa na gari, ikiegeshwa jangwani hutegemea tangi lake la maji tu. Fiqhi ya Kiislamu ilikwishapima jambo hili la maji machache. Kwa mujibu wa hadithi, Mtume Muhammad alitawadha kwa mudi moja, kama theluthi mbili za lita. Bomba lililoachwa wazi humwaga hayo kabla uso haujaisha kuoshwa. Maji yakihitajika kwa kunywa, tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi, yatosha. Kinyesi ni suala zito zaidi, kwani humdhuru asiyekuwapo. Hadithi zinakataza kujisaidia njiani na kivulini. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, yaamuru kuchimba na kufukia. Lakini tangi la choo lenye dawa halifukiwi: humwagwa kwenye kituo cha kumwagia taka za choo, hata kikiwa mbali.